Sifa za Maksai wa Kisaju

Mwimbaji anayemsifu maksai wake mbele ya wenzake wa Kaputiei, tawi la Wamaasai wa huku, hana pa kujificha. Waliosimama naye kwenye duara walimwona maksai huyo asubuhi akitoka zizini. Wengine wamewahi kumchunga, wengine walikesha wakimtafuta usiku alipopotea. Akiimba kwamba baka jeupe limeanzia begani ilhali limeanzia mbavuni, atachekwa kabla hajavuta pumzi ya pili. Sijapata kuona wahakiki wakali kuliko hao. Mshairi wa mjini anaweza kumsifu tai ambaye hakumwona ila kwenye televisheni, na shairi lake likaingia kwenye kitabu cha shule. Mwimbaji wa Kisaju hana nafasi hiyo, kwa sababu anayesifiwa yuko hatua chache nyuma yake, anacheua.

Kwa asiyeijua, Kisaju iko kando ya barabara ya Namanga, kati ya Kitengela na Isinya, katika Kaunti ya Kajiado. Abiria wa matatu huona mabango ya ploti, nyumba zilizozungushiwa kuta, malori ya saruji, na Vilima vya Ngong kwa mbali upande wa magharibi. Udongo ni ule mweusi unaonata, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kumeza gurudumu zima mvua ikinyesha. Migunga yake ni ile mifupi yenye vinundu ambamo sisimizi hutoboa vitundu, na upepo ukivuma miti hiyo hupiga mbinja. Katikati ya kuta na seng'enge bado ng'ombe wanapita, na nyuma yao kijana mwenye fimbo na simu. Mimi ni mtu wa Pwani niliyehamia huku kwa ajili ya ploti kama wengi. Nilikuja nikidhani ng'ombe ni ng'ombe.

Jicho la mchungaji hujengwa mapema. Mtoto huanza na vijiwe. Anavipanga kando ya nyumba, anavijengea zizi la miiba, na kila kijiwe kina rangi yake, mama yake na mwenyewe. Akikua kidogo anapewa ndama na wanakondoo wa kuchunga karibu na boma, na baadaye sana ndipo aende mbali na kundi kubwa. Hakuna anayemkalisha chini na kumfundisha kwa maneno mengi. Jioni anaulizwa tu: yule mwenye sikio lililochanika yuko wapi? Asipojua, atarudi gizani kumtafuta, na usiku huo atajifunza zaidi ya mwezi mzima wa masomo.

Kuhesabu ng'ombe kwa idadi ni jambo ambalo Wamaasai wamelikwepa tangu zamani, kwa kuwa linaaminiwa kuleta mkosi. Nilimwuliza jirani yangu, mzee wa makamo, kwa adabu zote: "Mzee, hao ng'ombe wako ni wangapi?" Akacheka, akanijibu, "Ni hao unaowaona, mwanangu." Jioni husimama kando ya lango la miiba na kutazama wakiingia, midomo imefumbwa. Akikosekana mmoja anamjua papo hapo, kama mwalimu anavyojua dawati lipi liko wazi kabla ya kuita majina. Hajui idadi, anajua sura. Wako wanaoliona hilo kuwa upungufu wa elimu. Mimi naona ni elimu ya aina nyingine, na nadhani ushairi wa huku umetoka humo.

Maana kama humjui kiumbe kwa namba, lazima umjue kwa maelezo. Kimaa, lugha ya Wamaasai, kina hazina ya maneno ya rangi na michoro ya ngozi ambayo mgeni huanza kuyasikia yote kama neno moja. Orok, oibor na onyokie, yaani mweusi, mweupe na mwekundu, huzoeleka upesi. Kisha zinakuja pus ya kijivu kinachoelekea samawati, na keri na sambu za madoa na mabaka, na hapo mtu wa ploti anaanza kubahatisha. Juu ya rangi kuna umbo la pembe, kimo cha nundu, ngozi inayoning'inia shingoni, alama za masikio zinazoonyesha ukoo, na chapa ya moto ubavuni iitwayo olmishire. Jamii nzima imejipanga kwa rangi hizo: koo za Wamaasai zimegawanyika pande mbili kuu, Odomong'i, upande wa maksai wekundu, na Orok-kiteng, upande wa ng'ombe mweusi. Mtu anazaliwa ndani ya rangi ya ng'ombe kabla hajawa na ng'ombe wake mwenyewe.

Hata majina ya urafiki yanapita kwenye zizi. Ukinipa ng'ombe, tangu siku hiyo mimi na wewe tunaitana pakiteng. Ukinipa ndama, tunaitana paashe. Majina tuliyopewa na wazazi yanakaa kando, na zawadi inazungumza kila tunaposalimiana, hata kama mnyama mwenyewe alikufa kwa ukame miaka mingi iliyopita.

Sasa tuuendee wimbo. Anayeongoza huitwa olaranyani. Yeye hutoa mstari wa kwanza, uitwao namba, na kundi huitikia kwa pamoja kuonyesha kwamba wimbo umetambuliwa. Kisha anaimba ubeti wake juu ya mngurumo wa koo wa wenzake, mzito na wa mapigo sawa, unaofanya kazi ya ngoma pasipo ngoma. Ala karibu hazipo, ukiacha pembe ya tandala inayopulizwa kwenye sherehe fulani. Mwili wenyewe ndio ala: pumzi ikitoka shingo inaelekea mbele, pumzi ikiingia kichwa kinarudi nyuma. Ukitazama duara la morani wakiimba utaona shingo zote zikienda na kurudi, na ukiwa umetoka machungani siku hiyo hutahitaji kuambiwa ni nani mwingine anayetembea hivyo.

Kinachonishangaza zaidi ni uchache wa maneno. Nilitarajia, kwa mazoea ya mashairi ya kwetu, sifa zilizorundikwa hadi pomoni. Olaranyani mzuri hafanyi hivyo. Anachagua alama moja, pengine pembe moja iliyoinama kidogo kuliko nyingine, anaitaja, anaiacha, kundi linanguruma. Kisha anataja mahali: mbuga fulani, mto fulani, safari ya kiangazi fulani. Kisha anataja maksai alikotoka, kwa baba, kwa pakiteng, au zamani zile kwa uvamizi wa mikuki. Katika vipande vichache umepata sura, jiografia na historia, na kila kipande kinaweza kuthibitishwa na aliyesimama kando yake. Mwimbaji mchanga hujulikana kwa wingi wa vivumishi. Fundi hujulikana kwa jinsi wenzake wanavyotingisha kichwa akitaja kitu ambacho wote walikiona na hakuna aliyekuwa amekisema.

Kwa nini maksai? Fahali huzalisha, ng'ombe jike hutoa maziwa, lakini dume aliyehasiwa hakuwahi kuvuta plau kwa Mmaasai. Alikaa kundini akinenepa, akivishwa kengele shingoni, akiongoza wenzake malishoni, akisubiri sherehe. Ndiye mnyama aliyekuwa karibu zaidi na kutazamwa tu. Nasema karibu, kwa maana siku hizi maksai pia ni karo. Mwezi wa Januari ukifika aliyeimbwa Desemba hupandishwa lori kwenda mnadani Bissil, na mwimbaji mwenyewe ndiye anayeshika kamba. Wageni wanaokuja na kamera hupenda kuona hapo unafiki au msiba. Mimi sioni lolote kati ya hayo. Aliyemjua mnyama kiasi cha kumwimba anajua pia bei yake, na atakataa dalali amdanganye kwa shilingi elfu moja.

Kuna ufundi wa pili ambao wapiga picha hawaujui, kwa kuwa hufanyika alfajiri na hauna kuruka. Ni wa wanawake. Kila mke ana ng'ombe wake wa kukama. Ndama anafunguliwa kwanza anyonye kidogo ili maziwa yateremke, kisha mama anakaa ubavu mmoja na kibuyu chake kilichosafishwa kwa kaa la oloirien, mzeituni wa mwituni unaoyapa maziwa harufu ya moshi. Hapo huanza kumwimbia. Sauti ni ndogo, karibu kunong'ona, jina la ng'ombe likirudiwa, Enkai, yaani Mungu, akitajwa katikati. Hakuna kundi la kuitikia wala mhakiki isipokuwa mmoja, na huyo hajui kubembeleza: sifa isipomfikia vizuri anayazuia maziwa au anapiga teke kibuyu. Nimewahi kununua maziwa kwa mama mmoja jirani akaniambia leo ni machache kwa sababu binti yake ndiye aliyekama na ng'ombe hajaizoea sauti yake. Sikujua kama ni mzaha. Wiki iliyofuata maziwa yalirudi.

Nilipokuwa shule tulifundishwa kwamba kuwastaajabia wanyama katika ushairi ni kazi ya Waromantiki wa Uingereza. Tulimsoma John Keats na chiriku wake wa usiku, shairi la mwaka 1819, na Percy Shelley na kipozamataza wake wa mwaka uliofuata. Ni mashairi makubwa, sina ugomvi nayo. Ila ukiyasoma baada ya kukaa Kisaju unagundua kwamba ndege mwenyewe hayumo. Keats anamsikia gizani, na anachokitazama kwa muda wote ni huzuni yake. Shelley anamtazama wake akipaa hadi hamwoni, na hapo ndipo anapompenda zaidi. Ukimpeleka ndege wa Shelley mbele ya duara la Kaputiei wataanza kwa kuuliza: wa nani, ana alama gani, mara ya mwisho alionekana wapi?

Lakini kundi lile la Waromantiki halikuwa la watu wa aina moja. Robert Burns, mkulima wa Uskoti, aliandika mwaka 1785 kuhusu panya ambaye kiota chake kilibomolewa na plau. Panya huyo ni mmoja na siku hiyo ni moja. Lord Byron alimjengea kaburi mbwa wake Boatswain mwaka 1808, na jina limechongwa kwenye jiwe. Na yuko John Clare, ambaye shuleni hatukumsikia kabisa. Alizaliwa mwaka 1793 katika kijiji cha Helpston, akawa kibarua wa mashamba, akachunga, akalima. Mashairi yake ya viota vya ndege yanakwambia kiota kimejengwa kwa nini, kiko kimo gani kutoka ardhini, mayai yana rangi gani. Yeye na Keats walikuwa na mchapishaji mmoja, John Taylor, na Clare alilalamika kwamba mwenzake alieleza viumbe jinsi alivyowawazia, si jinsi ambavyo angewaeleza kama angewashuhudia. Lawama hiyo ingeweza kutolewa na mchungaji yeyote wa hapa aliyeegemea fimbo yake.

Kuna jambo jingine linalomfanya Clare kuwa jirani. Mwaka 1809 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kugawa na kuzungushia ua ardhi ya pamoja ya Helpston na vijiji vya karibu. Njia alizopita utotoni zikazibwa, malisho ya wote yakawa ya wachache, na sehemu nzuri ya mashairi yake ni kilio cha njia hizo. Kitengela nayo ilikuwa na ranchi yake ya pamoja, chini ya utaratibu ulioletwa na sheria ya mwaka 1968. Ranchi hiyo iligawanywa kwa wanachama mwaka 1988. Hati zilipotoka, madalali walifuata, na seng'enge zikafuata madalali. Nyumbu waliokuwa wakitoka Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kuingia mbuga za Athi-Kaputiei msimu wa mvua wakazidi kupungua mwaka hadi mwaka. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua. Linganisha kiasi hicho na bei ya ploti moja kando ya barabara ya Namanga, na hutashangaa kwamba kuta zimeendelea kupanda. Nami nakaa nyuma ya mojawapo.

Ua unaathiri wimbo kwa njia iliyo wazi kabisa. Mwimbaji aliyetaja safari ya kiangazi alikuwa na safari ya kutaja. Maksai anayeishi ndani ya ekari tano, akiletewa nyasi zilizofungwa kwenye marobota, ana wasifu mfupi.

Jambo la pili halizungumzwi sana. Ng'ombe wenyewe wanabadilika rangi. Wafugaji wengi wa Kajiado wamechanganya zebu wao wadogo na Sahiwal, aina iliyotoka bara Hindi na kuanza kuletwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1930. Ni uamuzi wa busara. Sahiwal ana maziwa zaidi, ana uzito zaidi, na bucha hulipa kwa kilo wala haliulizi madoa. Baada ya ukame wa mwaka 2009, uliofagia makundi mazima huku Kajiado, kila aliyeanza upya alitaka mnyama mwenye faida. Lakini Sahiwal kwa kawaida ni mwekundu wa kahawia mwili mzima. Simama lango la boma la kisasa jioni utazame wakiingia: wekundu, wekundu, wekundu. Lugha ile yote ya mabaka na madoa inabaki bila kazi. Nilimwambia mzee jirani yangu hivyo, nikidhani nimegundua kitu. Akanitazama kwa huruma. Kumbe yeye anawatofautisha kwa pembe, kwa mwendo na kwa jinsi kila mmoja anavyogeuza kichwa akiitwa, na vijana wake wameanza kuimba mambo hayo. Fundi hunyang'anywa rangi akachonga umbo. Hata hivyo, yeye mwenyewe amebakiza zebu watatu wa madoa, na hajanipa sababu ya kibiashara.

Kwetu Pwani tuna wanyama tele katika ushairi, lakini wengi wamevaa kanzu. Simba wa malenga ni mtawala, paka ni mnafiki, na msikilizaji hufurahia kumvua fumbo hilo nguo. Napenda mchezo huo na nimelelewa nao. Utenzi wa Ngamia na Paa una njia tofauti kidogo: humo wanyama wanapeleka malalamiko yao mbele ya Mtume, na wanasikilizwa kama wenye haki. Lakini hata humo sikumbuki ngamia akitofautishwa na ngamia mwingine. Utaalamu wa mnyama mmoja na ngozi yake moja ni wa watu wa mbugani, na Wamaasai si peke yao. Wahima wa Ankole wana majigambo yao ya ng'ombe, na huko Nyanza, Rwanda, kwenye jumba la makumbusho lililokuwa ikulu ya mfalme, inyambo wenye pembe ndefu bado huimbiwa na watunzaji wao.

Mwaka 2018 UNESCO iliweka sherehe tatu za rika za wanaume wa Kimaasai, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Kitabu cha Naomi Kipury kuhusu fasihi simulizi ya Wamaasai kilitoka mwaka 1983, na bado ndicho ningempa mwanafunzi kwanza. Siku hizi vijana wa Kajiado wanarekodi nyimbo kwa simu zao wenyewe na kuzirusha mtandaoni, na hilo ni jema. Nina ombi moja kwao, na kwa walimu wanaowatuma wanafunzi kukusanya nyimbo kwa ajili ya tamasha na mitihani. Rekodi nyingi nilizosikia zina sauti ya mwimbaji, zina tarehe, wakati mwingine zina tafsiri. Hazina ng'ombe. Baada ya kizazi kimoja hakuna atakayeweza kusema kama sifa ile ilikuwa kweli, na bila hilo hatuwezi kumpima fundi. Kwa hiyo mkimaliza kurekodi, mwombeni mwenyewe ruhusa, nendeni zizini, mumpige picha maksai aliyeimbwa: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na pembe kutoka mbele. Andikeni ametoka kwa nani. Fanyeni hivyo kabla ya Januari.